Mwanamke wa Palma

Mwanangu Rukia,

Salamu sikuandikii, maana tangu alfajiri tumepigana vikumbo jikoni na afya yako naijua kuliko unavyoijua mwenyewe. Umekwenda Likombe kumuaga shangazi yako. Baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa kamba, ingawa zipu yake ni nzima. Mimi nimejifungia chumbani nikisingizia kichwa kinauma. Hakiumi. Nataka tu kuandika bila kukatizwa, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, ukiniona na wewe utalia, na sitaki mkwe wangu akupokee Dodoma na macho yamevimba akadhani tulikuwa tunakupiga.

Mambo ya ndoo na sufuria hutayakuta humu. Kupika unajua. Ugali wako wa muhogo una madonge, lakini Salumu ameshaula na bado amekuoa, hilo ni lake.

Nina mambo mawili. La kwanza ni kwa nini nililia juzi ulipokata lile bibo, nikakwambia ni moshi wakati jiko lilikuwa halijawashwa. La pili ni lile neno la bibi yako. Anataka mimba yako ikifika mwezi wa saba urudi hapa Ziwani, ujifungulie mikononi mwetu, kama tunavyofanya sote kwa mtoto wa kwanza. Wewe umesema utafuata nitakalosema mimi. Bibi naye alisema hivyo hivyo, akiamini nitasema analotaka yeye. Gari la kukurudisha Dodoma linaondoka kesho asubuhi na mpaka jana nilikuwa sijui la kusema.

Nianze na bibo.

Ulirudi kutoka kliniki ya hapa, ukaweka kadi yako mezani, ukaniuliza kama ni kweli nilipata kifafa cha mimba nilipokuwa na wewe. Nesi alikuuliza na hukujua la kumjibu. Nikasema ndiyo, nilipata. Ukauliza ilikuwaje. Nikasema mambo ya zamani hayo, lete mboga tuchambue. Hukuleta mboga. Ulichukua bibo moja lililong'olewa korosho yake kwenye ungo, ukalikata kwa kisu, ukaliweka mbele yangu.

"Mama, liangalie tu. Usiliguse."

Tukakaa tunalitazama kama watu wasio na kazi. Polepole ile nyama ikaanza kugeuka, ikawa ya kahawia. Nikakuuliza kama umesomea maabara miaka yote hiyo ili uje kunionyesha bibo linavyoharibika, mimi niliyezaliwa chini ya mikorosho.

"Hiyo ni hewa, mama," ulisema. "Hewa hii hii tunayovuta. Bila hewa hatuishi, lakini ndani ya mwili inazaa vitu vikali, na mwili una namna yake ya kuvituliza. Maabara tunaita uoksidishaji."

Nikakwambia neno lenyewe linakwaruza ulimi. Ukacheka, ukaendelea, na ninajaribu hapa kuyaandika ulivyoyasema, unisamehe nikikosea. Ulisema mtoto tumboni anakula kupitia kondo la nyuma. Mimba ikiwa bado changa, mishipa ya mama inayoingia kwenye kondo inatakiwa ipanuke ili damu iende kwa wingi. Kwa wengine haipanuki vizuri, na kwa nini, hata wataalamu hawajamaliza kujua. Damu inakwenda kidogo, mara inakuja, mara inapungua. Kondo linateseka, na vile vitu vikali vinazidi kuliko mwili unavyoweza kuvituliza. Kisha kondo linamwaga taabu yake kwenye damu ya mama, na kuta za mishipa yake zinaumia mwili mzima. Presha inapanda. Figo zinavujisha protini kwenye mkojo. Uso na mikono vinavimba. Ikifika kwenye ubongo, mtu anaanguka.

"Kwa hiyo inaanzia kwenye kondo," nikasema.

"Sehemu kubwa, ndiyo. Na mtu haonekani anaumwa mpaka miezi ikishakwenda."

"Si kwa yule mwanamke?"

Ukanitazama. "Mwanamke gani, mama?"

Hapo ndipo nikasema moshi. Sasa ngoja nikueleze huyo mwanamke.

Nilipobeba mimba yako tulikuwa tunaishi Msimbati, kwa akina baba yako. Yeye alikuwa fundi mwashi kama alivyo leo, ila mgongo ulikuwa bado umenyooka, na mara kwa mara alivuka mto Ruvuma kwenda kujenga Palma, upande wa Msumbiji, ambako wana ndugu tangu enzi za babu zake. Alinipenda vibaya sana. Akirudi na samaki ananichambulia miiba kama mtoto, mpaka mama mkwe akawa anageuza uso. Mwezi wa saba ulipofika nikarudi hapa Ziwani kwa mama, kama ilivyo ada, ili nichezewe ngoma ya mimba ya kwanza na nisubiri siku zangu.

Nilirudi nimenawiri, Rukia. Mashavu yamejaa, mikono imejaa, bangili za harusi zimezama kwenye nyama hata hazizunguki. Siku ya ngoma makungwi walinizunguka, mmoja akaniminya shavu, akasema tazameni mtoto wa watu alivyotunzwa, huyo ndiye mume. Wakapiga vigelegele. Bibi yako alijivuna mpaka akagawa soda kwa watu wasioalikwa. Na mimi nilijivuna. Nilinyoosha miguu yangu iliyovimba mbele ya wanawake wote ili waione vizuri. Ugonjwa ulikuwa umekaa usoni kwangu na sisi tunaushangilia.

Kichwa kilikuwa kinanigonga siku nyingi. Sikusema. Mwanamke akirudi kwao na kuanza kulalamika kwamba anaumwa, watu wanasikia kwamba kwa mumewe hakuna raha, na mimi nilikuwa nimeshapigiwa vigelegele kwa raha zangu. Ningeanzaje? Kliniki nilikwenda mwanzoni tu, wakanipima, wakaniambia nirudi. Sikurudi. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayeonekana mzima.

Asubuhi moja naanua muhogo uani nikaona vimulimuli mbele ya macho, na chini ya mbavu kukashika kama nimepigwa. Nakumbuka nimeita "mama". Yaliyofuata nimesimuliwa.

Wewe umesoma, umekaa mjini, huenda hili hujawahi kulisikia, na bibi yako hapendi tulizungumze. Kwa watu wetu wa wakati ule, na wengine mpaka leo, mwenye mimba akianguka namna ile, swali la kwanza anaulizwa mumewe. Umelala wapi? Wanaamini mume akitoka nje wakati mkewe mjamzito, anarudi na kitu kinachomwangukia mke na mtoto, na mke hapati nafuu mpaka mume amtaje huyo mwanamke kwa jina, mbele ya watu. Baba yako alikuwa amefika siku hiyo hiyo kutoka Msimbati, kaniletea unga na nazi. Hata kukaa hakukaa. Wakamsimamisha mlangoni.

"Taja," kungwi akamwambia.

"Sina wa kumtaja. Twendeni hospitali."

"Ukimtoa humu hujataja, atakufia njiani. Unakwenda Palma kila siku kufanya nini?"

"Kujenga."

"Taja, baba. Mkeo anakwenda."

Gari la korosho lilikuwa limesimama dukani, dereva ameshakubali kunipeleka mjini. Na mimi niko ndani nakakamaa, ulimi nimeung'ata, mlango umezibwa na wanawake walionipenda. Hilo nataka ulielewe. Hakuna aliyenitakia mabaya. Bibi yako alikuwa amenipakata kichwa na analia, na ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote: taja!

Basi baba yako akasema, "Joakina."

"Wa wapi?"

"Wa Palma. Nimelala kwake. Nimeshataja. Sasa nipeni mke wangu."

Wakafungua njia. Akanibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, wakanilaza juu ya magunia ya korosho. Hospitali wakanichoma sindano iliyonipasha moto mwili mzima, nikaona kama nimekalishwa juu ya jiko, na daktari akamwambia baba yako kwamba dawa ya ugonjwa huu ni mtoto kutoka na kondo litoke naye. Wakanipasua. Ukatoka wewe, umeenea kwenye viganja viwili vya fundi mwashi, umekunja uso kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Na kweli ulikuwa umeamshwa kabla ya wakati wako.

Mimi nikapona. Na unajua kijiji kilisema nini? Kilisema nimepona kwa sababu baba yako ametaja. Sindano haikupewa hata shukrani. Makungwi walimpongeza kwa uungwana wake, na akina mama wakawa wakimwona njiani wanachekea kwenye khanga. Ameishi na jina hilo mpaka mvi zimemjaa.

Na mimi niliamini. Hapa ndipo panaponiuma. Nilikuwa hospitali bado siwezi kukaa, nikaletewa habari ya Joakina pamoja na uji. Sikumuuliza. Nilikuwa na ulimi mkali kwa kila jambo, lakini kwa hilo nilinyamaza, nikamnunia mtu miaka na miaka kwa ustadi ambao ningeutumia kwenye biashara tungekuwa matajiri. Akienda Palma nilinusa mashati yake aliporudi. Nilimjenga yule mwanamke kichwani mwangu: nilimpa rangi, nikampa mwendo, nikampa hereni. Akija mgeni kutoka ng'ambo nikisikia lafudhi yake tu nainuka naacha chakula. Baba yako aliwahi kunishika mkono akasema, "Mama Rukia, hakuna mtu." Nikautoa mkono wangu. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini huna mdogo wako, nikakujibu Mungu hakujalia. Ukweli ni kwamba niliogopa kifafa, na niliogopa kumwamini baba yako, na kati ya hofu hizo mbili miaka ikapita.

Sasa unajua nililia nini mbele ya bibo.

Jioni ile nilimfuata baba yako alipokuwa anaosha miko yake pale kwenye pipa. Nikamuuliza, "Baba Rukia, yule mwanamke wa Palma anaitwa nani?"

Akasimama. "Nilisema anaitwa nani?"

"Joakina."

"Basi huyo huyo."

Nikamwambia aache mzaha. Akaweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye suruali, kitu ambacho nimemkataza tangu tuoane. Akasema pale mlangoni alifikiri haraka. Akitaja mwanamke wa Ziwani au wa Msimbati, wangemfuata aje kuulizwa, na muda ungekwenda, na yule mwanamke wa watu angeharibikiwa bure. Akataka mtu wa ng'ambo ya mto, ambaye hakuna atakayetumwa kumleta. Jina alilitoa hewani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia hakuna mtu."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikamwambia hata kama angekuwepo Joakina wa kweli mwenye miguu na mikono, ugonjwa haukutoka kwake. Nikasema, "Mwanao amenionyesha, umetoka kwenye kondo." Akasema, "Kwa hiyo nimechekwa bure." Nikamkumbatia pale pale kwenye pipa. Bibi yako alituona kwa mlangoni, akarudi ndani akisema watu wazima hawana haya. Nampenda baba yako, Rukia. Nimechelewa, lakini nampenda kama msichana.

Kwa hiyo nisikilize. Likikupata lolote huko, Mungu apishe mbali, asiulizwe Salumu neno lolote. Asiulizwe na ndugu zake, asiulizwe na bibi, asiulizwe na mimi kwa simu. Kama ana dhambi zake zitasubiri, tutazikuta. Kichwa kikikugonga kisitulie, ukiona vimulimuli, ukivimba uso na mikono, ukisikia maumivu chini ya mbavu, nyanyuka uende. Hata kama umetoka kupimwa jana, na hata kama umeshajifungua, maana daktari aliniambia siku zile za kwanza baada ya uzazi nazo ni za hatari. Na usione aibu kuonekana huna raha kwa mumeo. Mimi aibu hiyo ilikaribia kuniua. Kila nesi mpya utakayemkuta mwambie: mama yangu alipata kifafa cha mimba nikiwa tumboni, na hii ni ya kwanza. Ulinieleza kwamba huwa inafuata mama na mabinti. Nimekupa pua yangu na nimekupa na hilo, unisamehe yote mawili.

Halafu yale makopo. Ndiyo, mimi ndiye niliyeyaficha katikati ya khanga zako. Uliponieleza kwamba vitu vikali vinazidi mwilini, nikakumbuka tunavyokamulia ndimu kwenye tunda lisigeuke rangi, nikaona nimepata dawa. Nikaenda sokoni kwa yule dada wa dawa lishe, akaniapia unga wake unaondoa sumu zote, na vitamini juu yake, na mimi nikabeba. Nilijiona daktari. Ulipoyafumania hukunicheka, ulikaa kitandani ukaniambia wataalamu nao walifikiri kama mimi, wakawapa wajawazito vitamini hizo wakitumaini zitazuia, na hazikuzuia. Nilibisha. Nikasema sasa kuna faida gani kujua ugonjwa unavyokwenda kama hujui kuuzuia? Ukasema, "Faida ni kujua wa kumwangalia mapema, mama." Nimelala nalo hilo neno. Makopo nimeyatoa. Kula mapapai yako na mchicha wako kwa sababu ni chakula, na kile kidonge kidogo cha aspirini alichokuandikia daktari ukimeze kila siku alivyosema, usisubiri uumwe ndipo umeze.

Sasa jibu la bibi.

Unajua ninavyotamani. Tangu ulipovunja ungo nimekuwa nikiona siku utakaporudi hapa na tumbo lako, nikukande mgongo, nikupikie uji wa pilipili manga, makungwi waje wakuimbie, nami nikae mbele kama bibi yako alivyokaa. Nimeshatandika kile kitanda cha chumba cha uani mara mbili peke yangu, nikakitandua watu wasione. Mtoto akitoka nataka awe mikononi mwangu kabla ya mikono ya mtu mwingine yeyote. Naona ni haki yangu, na hakuna wa kuniambia si haki yangu.

Usije.

Kaa Dodoma, karibu na hospitali ambako faili lako liko na wanaijua presha yako tangu mwanzo. Njia ya huku ni ndefu, na mwezi wa saba kwa mtu wa damu yetu si mwezi wa kukaa kwenye basi, wala wa kukaa kijijini ukisubiri gari la korosho lisimame dukani. Bibi yako nimemwambia mchana huu. Alisema, "Mwee! Sasa mjukuu wangu azalie ugenini kama hana kwao?" Nikamwambia anako kwao, na wa kwao wanamtaka hai, ndiyo maana tunamwacha huko. Amenuna, chakula amekirudisha. Baadaye nikamsikia anamuuliza baba yako kwa sauti ndogo kama Dodoma kuna baridi, na kama mtoto atahitaji kofia. Amenuna, lakini anafuma kofia.

Nitakuja mimi. Sijawahi kuvuka Lindi maishani mwangu na hata Lindi nilitapika njia nzima, lakini nitapanda hilo basi na mifuko ya plastiki yangu mkononi, baba yako pembeni, nije nikae kwako mpaka utimize siku arobaini. Salumu ajiandae, mimi nakoroma.

Ila usinisubiri. Hilo ndilo la mwisho na ndilo ninaloomba ulishike hata ukiyasahau mengine yote. Hali ikibadilika nikiwa bado njiani, usiseme mama anafika kesho, ngoja afike. Nenda. Nikifika nikakuta mlango wenu umefungwa kwa kufuli na hakuna mtu, nitaweka mizigo yangu chini nikae barazani. Sitapiga ukelele. Nitajua uko wapi, na nitamshukuru Mungu kwamba sikukukuta nyumbani.

Mama yako anayekupenda kuliko anavyojua kusema,
Zuhura